Ufunguo wa Shemeji

Mtaa mzima ulimwita Komeo, na kama ungeuliza jina alilopewa na wazazi wake, wengi wangekukodolea macho. Jina hilo alilirithi pamoja na kibanda. Mjomba wake, aliyemfundisha kazi, ndiye aliyechora komeo kubwa jekundu kwenye mlango wa bati, watu wakaanza kumwita mjomba hivyo. Mjomba alipochoka mgongo akaenda zake kupumzika, jina likabaki pale pale mlangoni likisubiri mtu wa kuingia chini yake. Aliyeingia ni mpwa wake, binti mwembamba wa vidole virefu. Siku hizi hakuwa tena binti, alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba na kiuno kilicholalamika kila alipoinama chini ya usukani.

Kibanda kilikuwa kimebanwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, hivi kwamba kila aliyepanda au kushuka, kama alivyopenda kusema Komeo, alimtembelea kichwani. Ukutani zilining'inia funguo ambazo bado hazijachongwa, safu juu ya safu, za makufuli, za makabati, za milango, za magari. Mezani palikuwa na mashine ya kuchongea, tupa za kila unene, na kile kifaa chake cha thamani, cheusi, chenye skrini ya ukubwa wa kiganja, alichokilaza kwenye taulo kama mtoto mchanga. Kifaa hicho ndicho kilichomtoa kwenye makabati kikampeleka kwenye magari. Maana ufunguo wa gari si chuma tu. Ndani ya plastiki yake hujificha chipu ndogo kama punje ya mchele, na gari lisipoitambua chipu hiyo, hata ukazungusha chuma mpaka mkono ulegee, haliwaki.

Kazi hiyo ilishamtia matatani mara moja. Alikuja bwana mmoja nadhifu, suti imenyooka, viatu vinameremeta, akasema amepoteza ufunguo wa gari lake. Komeo akamtengenezea mwingine. Kumbe gari halikuwa la bwana huyo, lilikuwa la bosi wake wa zamani! Komeo alikalishwa kwenye benchi la kituo cha polisi kutwa nzima akieleza jambo lile lile kwa kila askari aliyeingia, na kifaa chake kikazuiliwa kuwa kielelezo mpaka mwenyewe akakata tamaa ya kukiona tena. Tangu hapo alijiwekea sharti: kwanza kadi ya gari na kitambulisho, ndipo mkono uguse chochote. Uwe jirani, uwe mchungaji, uwe shangazi yake wa damu.

Jirani wa pembeni alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi. Wawili hao walishinda wakirushiana vijembe kupitia dirisha lisilo na kioo lililotenganisha kibanda na saluni.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, na biashara imelala. Gari dogo la kijivu, lenye mlango mmoja mweupe uliotolewa kwenye gari jingine, likaja likaegeshwa mbele ya kibanda. Lilikuwa limetumika sana huko ng'ambo lilikotoka kabla ya kufika hapa. Kwenye kioo cha mbele bado kulikuwa na kibandiko chenye maandishi ambayo hakuna mtu mtaani aliyeweza kuyasoma. Akashuka mwanamke wa makamo, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, na kiti cha nyuma kimejaa mapazia yaliyokunjwa.

"Habari za kazi, fundi."

"Njema, dada. Karibu."

"Nataka ufunguo mpya wa rimoti. Na ule mwingine uliopo ufutwe. Usiweze kufungua hata mlango."

"Huo mwingine uko wapi?"

"Kwa shemeji yangu."

Komeo alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono. Akaurudisha pajani.

"Kadi ya gari unayo?"

Mwanamke alikuwa nayo, kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kitambulisho. Komeo akavaa miwani. Jina lilikuwa moja. Akaenda mpaka kwenye gari, akainama juu ya kioo, akalinganisha namba ya chesisi tarakimu kwa tarakimu, kisha akarudia tena kuanzia mwisho. Ilikuwa sawa. Hata hivyo moyo wake haukutulia.

"Tulilinunua mimi na mume wangu," mwanamke akasema bila kuulizwa. "Tukaandikisha kwa jina langu kwa sababu kazi ni yangu. Nashona mapazia, nawapelekea watu, nawatundikia. Alipofariki, mdogo wake akachukua ule ufunguo wa rimoti siku ya msiba, aende kuleta viti. Viti vilikuja, ufunguo haujarudi mpaka leo. Mimi nimebaki na huu wa akiba."

"Umemwomba?"

"Nimeomba, nimenuna, nimelia. Anasema gari la kaka yake ni gari lake. Naamka alfajiri nakuta nafasi tupu. Juzi kalichukua na mapazia ya mteja ndani, yamerudi yana alama za viatu. Mteja kayakataa. Leo liko kwangu kwa vile tu jana alilirudisha likiwa halina hata tone la mafuta, na ya leo nimejaza mwenyewe."

"Na familia inasemaje?"

"Familia ndiyo nani, fundi? Mimi na wanangu si familia?"

Kama kuna kitu Komeo alichokiogopa kuliko wezi, ni ugomvi wa ndugu. Mwizi ukimshtukia utamfukuza. Ndugu wao wakishapatana, wewe uliyeingia kati ndiye unayebaki adui wa wote.

"Na mafundi wote walivyojaa, umenionaje mimi?"

"Marehemu alikuwa akinyolewa hapo kwa jirani yako. Nilikuwa nakaa kwenye gari namsubiri, nakuona ukifanya kazi." Akatupa jicho upande wa saluni. "Shemeji naye hunyolewa hapo hapo. Lakini saa hizi yuko kazini, ghalani. Nimekuja mchana huu makusudi."

Komeo akachungulia dirishani. Kinyozi alikuwa na mteja mmoja tu, amelala chali kwenye kiti, taulo la moto limemfunika uso wote. Hakumtilia maanani.

"Haya, nisikilize vizuri," akasema. "Gari la zamani kama hili lina ufunguo mmoja linaouheshimu kuliko mingine. Huo ukiwepo, linakubali kupokea mgeni. Sasa ule mkubwa ndio alionao shemeji yako. Huu wako wa akiba hauna sauti hapa. Kwa hiyo njia ni moja: nifute kumbukumbu yote, gari lisahau kila ufunguo, halafu nilifundishe upya. Hapo katikati halimjui mtu yeyote. Umeme ukikatika, au mtu akachomoa kitu, kisanduku cha gari kinachotunza kumbukumbu hiyo kinaweza kuharibika moja kwa moja. Halitawaka kwako, kwangu wala kwa shemeji. Tumeelewana?"

Mwanamke akautia ufunguo wa akiba mkononi mwa fundi. "Tumeelewana. Fanya."

Komeo akachonga ufunguo mpya, cheche zikaruka, akaulainisha kwa tupa na kuupuliza. Akapachika chipu. Kisha akapiga magoti kwenye lami, akaingiza kichwa chini ya usukani, akachomeka plagi ya kifaa chake. Akawasha swichi kwa ufunguo mpya. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu ikaanza kupepesa taratibu. Kwenye skrini ukajitokeza mstari wa kijani, ukaanza kujivuta kutoka kushoto kwenda kulia, mdogo mdogo, kama konokono aliyelazimishwa.

"Usifungue mlango. Usiguse redio. Kaa tu."

Mwanamke akakaa kiti cha abiria, mikono mapajani. Komeo alikaa nusu ndani nusu nje, kifaa gotini. Mstari ulikuwa haujafika hata nusu aliposikia sauti ya kinyozi ikipaa:

"Wewe! Wewe bwana, unakwenda wapi? Sijamaliza!"

Taulo lilikuwa limeondolewa. Kwenye kioo cha saluni, nyuma ya uso wake mwenyewe, mteja alikuwa ameliona gari la kijivu lenye mlango mweupe.

Akatoka mbio. Alikuwa kijana wa miraba minne, kitambaa cha kinyozi kimemzunguka shingo na kumfika magotini, kichwa kimenyolewa upande mmoja na upande wa pili nywele bado zimesimama. Siku nyingine Komeo angecheka mpaka machozi. Siku hiyo alikikumbatia kifaa chake.

"Shemeji! Kuna nini hapa?"

Mwanamke hakugeuka. "Rudi ukanyolewe, shemeji. Tutaongea nyumbani."

"Huyu ni nani? Na huu waya ni wa nini?"

"Kaka, nakuomba," Komeo akasema, mkono juu. "Simama hapo hapo. Usiguse kitu. Nitakueleza."

"Unieleze nini? Mnaiba gari la kaka yangu mchana kweupe?"

Waliokuwa wakishuka ngazi wakasimama. Mmoja akatoa simu. Komeo akajaribu kuuziba mlango kwa mwili wake, lakini mwili wenyewe ulikuwa mwepesi. Shemeji akapitisha mkono juu ya bega lake, akaushika ufunguo mpya kwenye swichi, akauchomoa.

Dashibodi ikazima. Kifaa kikalia mlio mmoja mrefu, mwembamba, ambao Komeo alikuwa hajapata kuusikia tangu akinunue, na mstari wa kijani ukageuka mwekundu.

Shemeji hakuona. Alikuwa ameshamsukuma pembeni na kujitupa kwenye kiti cha dereva. Mguu wake ukaipiga plagi, kitu kikavunjika, kwacha! Akatoa ufunguo wake mfukoni, ule wa rimoti, vitufe vyake vimelika mpaka alama zimefutika, akauingiza na kuuzungusha. Gari likakohoa. Akazungusha tena. Likakohoa, likakohoa. Taa nyekundu sasa ilipepesa kwa fujo.

"Mbona haliwaki?"

"Acha!" Komeo akapiga kelele kutoka chini alikokuwa amekaa kitako. "Acha, unaua betri!"

Akazungusha mara nyingine. Safari hii kikohozi kilikuwa kidogo, cha mgonjwa. Kisha kimya.

"Halikujui tena, shemeji," mwanamke akasema.

Kijana akautazama ufunguo kiganjani. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka ghafla. "Gari la kaka yangu halinijui mimi?"

"Hata mimi halinijui. Halimjui mtu. Umelichomoa likiwa katikati."

"Maana yake nini?"

Aliyejibu ni Komeo, akijipangusa vumbi. "Maana yake, nikishindwa kulirudisha sasa hivi, mtalisukuma mpaka kwa wauza vyuma chakavu."

Hapo Komeo angeweza kukusanya vitu vyake, akafunga mlango wa bati na kuwaachia ndugu gari lao. Alilifikiria hilo, tena kwa dhati. Lile benchi la polisi lilimjia machoni, na kile kifaa kilichokaa kabatini mwa watu kama mfungwa. Lakini gari lilikuwa limelala pale tumbo wazi, na yeye ndiye aliyelipasua. Akapiga moyo konde.

"Kinyozi! Nipe umeme!"

"Komeo, mteja wangu yuko nusu kichwa na..."

"Zima mashine zako zote, nipe waya mrefu! Sasa hivi!"

Kinyozi alikuwa hajawahi kumsikia akifoka. Akaleta waya mbio mbio, bila utani. Komeo akafungua boneti, akaunganisha chaja yake kwenye betri. Kichwa kimoja cha betri kilikuwa kimeliwa na kutu, na kibanio cha chaja hakikushika, ukikiachia kinateleza.

"Dada, njoo hapa. Shika kibanio hiki, kikandamize hivi. Hata mkono ukifa ganzi, usiachie."

Mwanamke akaja, akakandamiza kwa mikono yote miwili. Komeo akarudi chini ya usukani, akamulika kwa tochi. Tundu la plagi lilikuwa limeng'oka kwenye nafasi yake, linaning'inia kwa nyaya zake tu. Plagi iliingia, lakini haikukaa. Ilihitaji mtu wa kulala chini na kuishikilia kwa vidole muda wote, na yeye mwenyewe alihitaji mikono yake kwa skrini na swichi.

Akainuka, akamtazama yule kijana.

"Wewe uliyeivunja ndiwe utakayeishika."

Komeo alitegemea matusi. Kijana akamtazama, akatazama gari, akamkabidhi funguo zote mbili, ule mpya na wake, kisha akalala chali kwenye sakafu yake, miguu imetokeza barabarani, kile kichwa cha nusu kimeingia chini ya usukani, kitambaa cha kinyozi kimemfunika kama shuka la hospitali. Akaishika plagi kwa vidole viwili.

"Hivyo hivyo. Usipumue kwa nguvu."

Komeo akawasha swichi. Taa nyekundu ikarudi. Akabonyeza, akasubiri. Skrini ikawa nyeusi, ikakaa nyeusi kwa muda, halafu ikaandika kwamba inajaribu tena. Mstari wa kijani ukaanza upya, mwanzo kabisa.

Kisha, kutoka nyuma ya boneti iliyoinuliwa, sauti ya mwanamke ikaja:

"Shemeji. Leo si siku ya kazi? Ghalani wanawaruhusu kunyolewa saa hizi?"

Kijana akageuza kichwa chini ya usukani.

"Shika sawa," Komeo akanong'ona.

"Walinipiga kalamu," kijana akasema.

"Nini?"

"Unga umemwagika, shemeji. Sina kazi tangu kaka akiwa hai. Kaka alijua. Ndiye aliyekuwa akiniachia gari alfajiri nibebe abiria kabla hujaamka, akaniambia nisimwambie mtu, mama asije akapata presha. Alipofariki sikujua niseme vipi. Leo nilikuwa najiandaa kwa usaili."

Mstari ulikuwa umefika nusu. Komeo hakuthubutu kuinua macho.

"Ungeniambia mimi," mwanamke akasema.

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unalia kutwa kucha."

"Kwa hiyo ukaniacha nilie, na gari pia nisiwe nalo."

Jasho lilikuwa likimtiririka kijana kutoka upande ulionyolewa likiingia sikioni, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Kifaa kikatoa mlio mfupi. Kumbukumbu imefutwa. Ingiza ufunguo wa kwanza.

Komeo alikuwa na funguo tatu gotini: ule mpya, ule wa akiba, na ule wa vitufe vilivyolika. Alijua sharti lake, na alijua ni nani peke yake wa kuulizwa. Alijua pia nani ameshika plagi.

"Dada," akasema, sauti yake ikijitahidi kuwa ya kawaida, "gari liko tayari kupokea. Ziingie funguo zipi?"

"Huo mpya."

Akauingiza. Taa ikapepesa, ikakubali.

"Na wa akiba."

Akauingiza. Ikakubali.

"Na huu wa tatu?"

Boneti ilikuwa imeziba uso wa mwanamke. Ilionekana tu mikono yake juu ya betri, imekakamaa, vidole vimepauka.

"Usiuingize," mwanamke akasema.

Komeo akayateremsha macho kwenye mkono wa kijana. Mkono ulitikisika. Mshipa ukamsimama. Plagi ikasogea kiasi cha unywele mmoja, skrini ikapepesa, maandishi yakapotea. Kijana alikuwa amefumba macho, taya zimebana. Halafu vidole vyake vikajirudisha, kimoja baada ya kingine, vikaisukuma plagi mpaka mwisho. Maandishi yakarudi.

"Maliza, fundi," akasema chini kwa chini.

Komeo akamaliza. Kifaa kikaandika kwamba kazi imekamilika. Akazungusha ufunguo mpya, na gari likawaka papo hapo, likanguruma kama lilivyokuwa likinguruma siku zote, na moshi mweusi kidogo nyuma. Watu wa ngazini wakapiga makofi. Mwanamke akaachia kibanio, akainamia ukingo wa boneti, akalia bila sauti.

Ilibaki rimoti, maana chipu ni kazi nyingine na vitufe ni kazi nyingine. Kwa magari ya umri ule haihitaji kifaa, inahitaji mikono tu: ufunguo ingiza, toa, ingiza, toa, mlango funga, fungua, funga, kwa mpangilio usiokosewa, mpaka gari lenyewe lijibu. Komeo alikosea mara ya kwanza. Mara ya pili makufuli ya milango yote yakashuka na kupanda yenyewe, kwa-cha! Akabonyeza kitufe kwenye ufunguo mpya, yakashuka. Akabonyeza tena, yakapanda.

Kijana alikuwa amesimama kando, vumbi mgongoni. Akaomba ufunguo wake. Komeo akampa. Akauelekeza kwenye gari na kubonyeza. Hakuna kilichotikisika.

"Haufungui kitu, kaka."

"Najua," akasema, akautia mfukoni.

Mwanamke akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Usaili wenyewe saa ngapi?"

Kijana akatazama saa ya simu, akashusha mabega. "Nimeshachelewa. Kwa miguu siwezi kufika."

"Kamalize kunyolewa. Nitakupeleka."

Kinyozi alimnyoa upande uliobaki kwa haraka hata hakumpaka poda. Komeo akalifunga lile tundu lililovunjika kwa utepe wa plastiki ili lisining'inie. Ndugu wale wakaondoka pamoja, mwanamke kwenye usukani, shemeji kando yake na bunda la mapazia mapajani.

Komeo aliingia kibandani, akalaza kifaa kwenye taulo, akakaa. Kinyozi akachungulia dirishani akiwa na mzaha mdomoni, akamtazama, akaumeza.

Siku chache zilipita. Akaja bibi mmoja, mfupi, mkoba umekumbatiwa kifuani, akasimama mbele ya meza akasoma funguo zote za ukutani kwanza.

"Wewe ndiye uliyemfungia mwanangu nje ya gari la kaka yake?"

Komeo akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Ni mimi, mama."

Bibi akavuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. Komeo akajiandaa kwa lolote.

"Mke wa marehemu kanieleza mambo. Mwanangu kanieleza mambo. Nilitegemea kila mmoja amseme mwenzake, kumbe kila mmoja anamsifu mwenzake. Nikasema hapa kuna kitu wananificha." Akamkazia macho. "Ati mwanangu alilala chini ya gari kashika waya, na ufunguo wake unakataliwa, akaendelea kushika tu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Angeweza kuuachia?"

"Angeweza."

"Na gari lingekufa?"

"Lingekufa."

Mtu akapanda ngazi juu ya vichwa vyao, bati likatikisika.

"Huyo toka utotoni alikuwa wa kuvunja vitu," bibi akasema mwishowe. "Akiudhiwa, sahani, kikombe, chochote kilicho karibu." Akainuka, akajinyoosha gauni. "Haya. Asante, mwanangu." Akaenda zake bila kununua hata kufuli.

Usaili ule kijana hakuupita. Komeo alilisikia hilo kwa mshona mapazia mwenyewe, alipopita kutengenezewa vizuri tundu lililovunjika. Alimweleza pia kwamba siku za kupeleka mapazia shemeji ndiye anayeendesha, na alfajiri anachukua abiria wake kwa ufunguo wa akiba, ila lazima abishe hodi auombe, na akirudi auweke mezani. Wanagombana karibu kila wiki juu ya mafuta. Juzi amelirudisha na mchanga kwenye viti, akarudishwa akaufagie.

"Na ule wa tatu?" Komeo akauliza. "Tuuingize?"

Mwanamke akafikiri kidogo, akiwa ameshika mlango mweupe.

"Bado," akasema, akapanda gari, akawasha.